Kidongo cha Karbala

Tangu nihamie Kinondoni nilikuwa nikimsikia Shamsuddin mwenye duka akimwahidi mkewe matembezi ya Bagamoyo. Watakwenda kwa njia ya pwani, polepole, Sugra akaone fukwe za Msasani na Kawe, aone na mnara wa taa kule kisiwani, kisha afikie kwa mama yake akae hata wiki nzima. Sugra alizaliwa Bagamoyo na hakuwahi kurudi tangu aolewe. Kila mwaka ahadi ilitolewa, na kila mwaka duka lilishinda. Shamsuddin hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kesho, na watu wa kesho huniudhi kuliko wezi.

Masika moja ya wakati wa vita, dereva wa basi alileta salamu kwamba mama yake Sugra yu hoi, hana siku nyingi. Duka likafungwa asubuhi ileile. Mume wangu, mwalimu Revelian, alikuwa amehamishiwa shule ya Bagamoyo, nami nikaomba nafasi katika lori lao. Tukakaa watatu mbele ya lori: Shamsuddin kwenye usukani, Sugra katikati, mimi mlangoni na furushi langu magotini.

Sugra naye alikuwa na chake, kitambaa cha hariri ya kijani kilichofungwa fundo. Alikifungua mara moja tu akanionyesha. Ndani mlikuwa na kidongo kidogo, kadiri ya punje ya kunde.

"Udongo wa Karbala huu," aliniambia. "Alikozikwa Imamu Hussein."

Kwao Makhoja, Waislamu wa Kishia, mtu akiwa anakata roho huwekewa ulimini udongo ule uliolainishwa kwa maji. Kwetu Wakatoliki padri huleta Komunyo, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Mama yake aliwahi kuwa na udongo wake mwenyewe, akamzika nao mumewe. Jamaa zao wengine wa Bagamoyo walikwishahamia Dar es Salaam, msikiti wao umetiwa kufuli, hakuna wa kumwomba. Na tangu vita vianze, hakuna msafiri aliyeleta mwingine kutoka Karbala. Hicho kidongo alikitoa shangazi yake, Rubabbai, aliyekuwa akijiwekea mwenyewe.

"Sijamfanyia mama yangu lolote tangu niolewe, Mama Projestus," alisema Sugra. "Sikumuuguza baba, sikumzika. Hiki kikimfika, basi, sitaomba kingine."

Tulipoipita Msasani Shamsuddin alianza kutuonyesha nchi. Mtu akishikwa na aibu huongea sana, na yeye aliongea mpaka masikio yakaniuma. Tazameni mchanga ule, mweupe kama unga. Tazameni mivinje. Pale Kawe, Sugra, ndipo nilipokuambia tutakula maandazi tukitazama maji. Na kweli palipendeza, siwezi kusema uongo. Bahari ilikuwa ya kijani karibu na buluu mbali, na baada ya mvua kila jani lilikuwa safi. Sugra alitazama mbele tu, kitambaa kikiwa ndani ya ngumi yake.

Kunduchi, karibu na mashamba ya chumvi, Shamsuddin alisimamisha lori.

"Shuka kidogo, mke wangu. Mnara wa taa ule. Uone mara moja tu."

"Nitauona tukirudi," alisema Sugra.

"Ukirudi utakuwa unalia. Uone sasa."

Nilikasirika nusura nimpige kwa furushi. Lakini Sugra alishuka. Alisimama kando ya barabara, akautazama ule mnara mweupe uliosimama peke yake juu ya miamba ya kisiwa, akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mgeni aliyeonyeshwa mtoto wa watu. Shamsuddin alifurahi. Akampangusia vumbi begani, nami nikatazama upande mwingine, maana nilikwisha kuona kwamba alikuwa akimpenda, na hilo halikutusaidia kitu.

Tukapita katani za Tegeta, tukapita Bunju, na jua lilikuwa utosini tulipofika mto Mpiji. Daraja la magogo halikuonekana. Maji yalikuwa yamepita juu yake, mekundu, yakibeba matawi na migomba mizima. Ng'ambo tuliliona basi limekwama. Upande wetu alikaa mzee wa hapo, Mwinjuma, akichoma muhogo.

Tulimwamkia shikamoo, naye akaitikia bila kuinuka.

"Mvua za bara zimekatika jana," alisema. "Haya yatashuka. Alasiri mtavuka. Subira yavuta heri."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, baba," Sugra akamjibu. "Mama yangu anakufa."

"Nimesikia, mwanangu. Lakini mto haukusikia."

Tukangoja. Maji hayakupungua, mimi niliyaona yakiongezeka. Sugra alikwenda mpaka ukingoni akarudi, akaenda tena, viatu vyake vikajaa tope. Hapo ndipo Shamsuddin alipokumbuka hadithi ya babu yake. Babu huyo alikuja kutoka Kachi, Bara Hindi, kwa jahazi, wakapigwa na tufani, mabaharia wakaanza kuagana. Babu akatupa baharini udongo wa Karbala na bahari ikatulia. Kila Khoja niliyemfahamu alikuwa na babu wa namna hiyo. Ni jambo wanaloliamini, wala sicheki, kwetu pia watu hunyunyiza maji ya baraka mlangoni radi ikipiga.

"Kipande tu," alisema Shamsuddin. "Kingine kitabaki cha mama."

 Sugra akafungua fundo, akakivunja kidongo kwa kucha, akasoma dua yake kwa sauti ndogo na kutupa nusu mtoni. Tukasimama wote tukitazama. Mgomba mmoja ulipita, ukazunguka, ukaenda zake.

"Pengine ni kwa sababu tumepunguza," alisema Shamsuddin. Hakusema kwa ubaya.  "Babu alikitoa chote. Hakubakisha."

"Sugra, bakisha," nikasema. "Bakisha hata chembe."

"Nibakishe nikae nayo huku upande huu?" alinijibu. "Itanisaidia nini, Mama Projestus? Nisipovuka, haimfiki mama. Na imani nayo haitolewi nusu."

  Alikung'uta kitambaa chote juu ya maji, kisha akakikunja kikiwa kitupu na kukirudisha kifuani.

Yule mzee aliendelea kula muhogo wake.

Alasiri maji yakashuka. Kwanza ilionekana mistari ya tope kwenye nyasi, halafu magogo ya daraja moja moja, kama alivyosema mzee. Shamsuddin akalia. Alimshika mkewe mikono yote miwili akasema, umeona, yametii, Imamu ametusikia. Mwinjuma akanitazama mimi, mimi nikatazama chini.  Sugra alikuwa amekwisha kufahamu alichokifanya, na mume wake alikuwa akimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Tukavuka, na njia yote iliyobaki Shamsuddin aliimba kaswida. Bahari ilijitokeza tena baina ya minazi, na mnara mwingine wa taa ukaonekana mbali karibu na mji. Huo hakumwonyesha mtu.

Nyumba ya mama yake Sugra ilikuwa ya mawe, ukuta umeota kuvu. Tunu, jirani aliyekuwa akimuuguza, alitupokea mlangoni.

"Afadhali umefika, mwanangu. Yu hai. Mpaka asubuhi alikuwa akikuulizia wewe na udongo wake. Umekuja nao?"

Sugra alimpita akaingia. Nilimfuata ndani. Bibi alikuwa amelazwa akielekea kibla, mdogo kiasi kwamba shuka ilikaa kama haina mtu. Alimtambua binti yake kwa sauti. Hakuweza kusema tena. Alifunga macho, akafungua kinywa, akangoja.

Sugra akachukua bakuli, akachovya kidole katika maji matupu, akamdondoshea ulimini. Bibi aliyaonja. Niliona ulimi wake ukitafuta. Akameza, kisha akafungua kinywa tena.