Fito Zenye Majina

Mwalimu Efrazia Sulle alipomwona mzee Gidahosh akivuka uwanja wa shule na wazee wenzake wawili, alijua wamefuata nini. Alijua pia kwamba siku hiyo lazima mtu atalipa. Alichoomba ni kwamba asiwe yeye.

Shule ile ilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja tu, wengi wao watoto wa wataalamu wa mradi waliotoka nchi za kaskazini ya Ulaya. Ilikaa katika majengo ya shamba la zamani, chini ya mlima Hanang. Mkoa wa Manyara ulikuwa haujatimiza hata miaka miwili, na kila muhula zilisikika habari za shule mpya ya mtu binafsi. Lakini iliyofanana na hii haikuwepo. Hapakuwa na kengele, wala kiboko, wala wa kwanza na wa mwisho. Mkuu wa shule aliitwa na watoto Torunn, jina tupu, kama mtu anayeita mbuzi wake. Efrazia, aliyefunzwa ualimu chuoni akafundisha Bashay, kwao Mbulu, miaka tisa kwa ratiba na mstari, aliyavumilia yote kwa sababu moja: binti yake Loveness alisoma pale bure maadamu mama yake ni mwalimu. Siku mama atakapotoka, naye atatoka.

Kila Jumatano ilikuwa siku ya nje. Iwe mvua, liwe vumbi, watoto walitoka na visu vidogo vya kuchongea, wakaachwa wagundue mambo wenyewe. Muhula uliopita Efrazia alimnyang'anya kisu mtoto wa miaka saba. Torunn akamkalisha Efrazia kwenye kiti kifupi, katikati ya duara la watoto wote.

"Hapa mtu mzima hakatazi," alisema. "Mtoto akiuliza, unajibu. Asipouliza, unanyamaza. Umeelewa, Efrazia?"

"Nimeelewa, madamu."

"Torunn."

"Nimeelewa, Torunn."

Alielewa kupita kiasi. Jumatano iliyopita watoto waliposhuka hadi kwenye tuta lililozungushiwa ua wa fito, wakaanza kuzing'oa ili wajenge kibanda, yeye alikaa juu ya jiwe, mikono mapajani. Tuta lile alilijua. Lilikuwa kaburi la baba yake Gidahosh, mtu mkubwa miongoni mwa Wabarbaig, lililojengwa kwa miezi mingi. Marehemu Sulle, baba yake Efrazia, aliteremka mwenyewe kutoka Bashay na asali kwa ajili ya pombe ya mazishi yake. Hakuna mtoto aliyeuliza. Efrazia akanyamaza. Si Torunn aliutaka ukimya? Basi na aule.

Furaha yake haikufika hata saa sita. Alipokagua kibanda alikuta watoto wamechonga majina yao kwenye fito, na mmoja umeandikwa LOVENESS. Jina la mtoto aliye hai, juu ya ufito wa kaburi! Jioni ile, wakirudi kwenye chumba chao cha kupanga, alimweleza binti yake kila kitu, akamwonya asikanyage tena pale.

Sasa Gidahosh alikuwa amesimama barazani, na katambuga zake za matairi miguuni.

"Shikamoo, mzee," alisema Efrazia.

Gidahosh hakuitikia.

"Karibu," alisema Torunn. "Ila tafadhali, ndani tunavua viatu."

"Nivue viatu kwako? Wewe kwa baba yangu ulivua nini?" Akatupa mzigo wa fito sakafuni. "Nani alikuwa na watoto siku hiyo?"

"Efrazia," alijibu Torunn. Kisha akamgeukia na kushusha sauti. "Lakini wewe ni mtu wa Mbulu. Hukujua. Sema tu hukujua, tuombe radhi, yaishe."

Torunn alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea. Efrazia akapita.

"Sikujua, mzee."

Watoto walikwisha kusogea, na kwa desturi ya shule ile hakuna aliyewafukuza. Loveness akajipenyeza mbele.

"Mama, mbona ulijua? Uliniambia jioni ile kwamba ni kaburi. Ukasema babu alileta asali."

"Nyamaza! Wakubwa wanaongea!"

"Torunn amesema tukisikia jambo si kweli, tuseme."

Mmoja wa wazee akaangua kicheko. "Wazungu wamekulelea hakimu nyumbani kwako, mwalimu!"

Gidahosh hakucheka. "Binti Sulle. Huyu mgeni amekosa kwa kutojua. Nitamsamehe polepole, nikiishi sana. Lakini baba yako alikunywa pale. Wewe ulikaa ukatazama?"

"Nilitazama."

"Kwa nini?"

"Niliambiwa nisikataze."

"Kumbe una utii! Basi tii na hili. Kesho utakata fito mpya, uzipande kwa mkono wako. Hizi hazirudi. Baba yangu hataki kuzungushiwa majina ya watoto wa watu."

Wazee walipoondoka, uso wa Torunn ulikuwa mwekundu hadi shingoni.

"Ulitumia watoto kunipiga mimi."

Efrazia angeweza kukana, lakini uongo mmoja ulikuwa umemtosha kwa siku moja. "Ndiyo. Tangu kile kiti kifupi."

"Basi leo ni mwisho wako hapa."

"Na Loveness?"

"Nafasi hiyo ni ya mtoto wa mwalimu." Kwa mara ya kwanza alisema kama mtu wa kanuni.

Kesho yake ilikuwa Jumatano. Efrazia alipanda fito tangu jua lilipochomoza, kwa nafasi sawa, mstari umenyooka, huku Gidahosh akimfuata nyuma na kuutikisa kila mmoja. Loveness alikaa mbali juu ya jiwe lile lile, ufito wenye jina lake magotini. Mzee ndiye aliyemtupia. Loveness hakuwa ameuliza kama mama yake amekasirika, na mama yake hakuwa amejibu.

Watoto wa shule wakatokea bondeni na visu vyao. Mmoja akaanza kukimbia kuelekea kwenye tuta.

"Hapana!" Sauti ya Torunn ilipasuka nyuma yao. "Hapana! Rudi hapa sasa hivi!"

Efrazia akainua kichwa. Midomo yake ilitaka kucheka.

"Binti Sulle," alisema Gidahosh, akiusukuma ufito kwa katambuga hadi ukalala. "Huu umelegea. Rudia."

Efrazia akapiga magoti, akaanza kuchimba upya.