Kutosha Telefone ya Ghislain

Mulamu yangu Ghislain alivunja telefone ya bibi yake Claire, mudogo yangu, na muchi ya kutwangia, mbele ya batoto. Kabla ya telefone alikuwa amemuvunja Claire meno mbili. Alifikiri mafoto ya vidonda ya Claire inakufa pamoja na telefone. Mupumbavu. Mafoto ilikuwa inajiweka yenyewe ku akonti ya Claire, kule ku intaneti, na kesho yake tribinali ya Nchelenge, kule Claire alimushitaki, ilikuwa inaingojea.

Mi ni Ngalula, yaya ya Claire, mukubwa yake. Ku nyumba yangu tukaandika mot de passe, neno ya siri ya akonti, mu telefone yangu. Ikajibu: tumetuma kode ku telefone yenye unatumainia.

"Njo gani hiyo?" nikauliza.

Claire akaangalia chini. "Ya Ghislain. Siku ya ndoa pasta alisema bwana na bibi habafichane kitu, nikaiandikisha."

Karibu nimupige na mi.

Bon, kila siku ya soko Ghislain anaacha telefone ku kibanda ya Misheck, mwenye kuchajia batu. Tukaenda kule. Tukaomba kode tena, na telefone ya Ghislain ikawaka pa meza. Kode ikaonekana pa kioo. Claire alikuwa anaandika namba ya kwanza wakati bwana yake alifika na nkafi, kasia ya bwato, akaona kila kitu.

"Leo nakuua," akasema.

Nkafi ikashuka ku mukono ya kuume ya Claire. Nilisikia mufupa inavunjika. Akanyanyua tena, safari hii ku kichwa, na mi nikakamata jiwe ya mizani ya samaki, nikamupiga nayo mu kinywa. Jino kwa jino, Biblia njo inasema. Akaanguka anatema damu. Nilitaka kuongeza, na nilisikia utamu, sifiche. Banaume ya soko njo balinizuia.

Nikamalizia kode mu telefone yangu. Mafoto ikafunguka: uso ya mudogo yangu ya Pasaka, ya Krismasi, jicho imevimba, imefunga. Nililia.

Lakini ku liste ya telefone za kutumainiwa, jina ya Ghislain ilikuwa ingali pale. Ikibakia, usiku ataingia, atafuta yote. Nikanyoosha kidole niitoshe mu liste.

"Hapana, yaya," Claire akasema, mukono inaning'inia. "Mi njo nilimuweka."

Akafinya pa "kutosha" na mukono ya kushoto. Kioo ikakatala, juu kidole ilikuwa na damu. Akapangusa kidole ku kitenge yake, akafinya tena.