Maji ya Boila ya Mama Mkwe

Nyumba yetu hapa mjini Providence hupashwa joto kwa mvuke, kama nyumba zote za umri wake. Boila iko chini, inachemsha maji, mvuke unapanda kwenye rejeta, vile vyuma vya kupashia joto vyumbani, ukipoa unageuka maji na kurudi boilani. Maji yetu yalikuwa hayarudi yote, na kila ukiongeza maji mapya, kutu inaila boila.

Fundi alikuja akatazama kidogo tu. Akasema bomba la kurudishia maji limeoza, nalo limepita chini ya sakafu ya jiko, kwa hiyo sakafu ivunjwe.

Jiko lenyewe ni la mama mkwe wangu, Assunta. Jiko la juu lipo, linang'aa, ni la kuangaliwa na wageni. Yeye hupika chini, jirani na boila. Vigae vya sakafu aliviweka marehemu mumewe kwa mikono yake. Basi mimi Kazimierz, Mpolandi niliyeoa kwenye ukoo wa waashi wa Kiitaliano, mtu ambaye hata kubadilisha balbu hunitoa jasho, nikasimama mbele ya familia nzima nikaapa.

"Mama, hakuna kigae kitakachoguswa. Maji yanapotelea huko juu kwenye rejeta, na nitayasaka mwenyewe."

"Utayasaka na nini, shemeji?" akauliza Dino, kaka wa mke wangu. "Na uma?"

Nikajifanya fundi. Niliiba rangi ya kucha ya mke wangu, Loretta, nikachora mstari mwekundu kwenye kioo cha boila kinachoonyesha kimo cha maji. Nikanunua vipumulio vipya, vile vidude vya kutolea hewa kwenye rejeta, nikavibadilisha vyote na kuungua vidole. Kila asubuhi nikawa nateremka na kikombe cha kahawa kukagua kioo, uso nimeukunja kama daktari bingwa. Nilipenda kusimama karibu na meza ya Mama, kwa sababu vigae vya pale vilikuwa na joto tamu nami nilikuwa na soksi tu. Naam, nilisimama juu ya maji yanayovuja, nikaota joto miguuni, nikajiuliza maji yanakwenda wapi. Chekeni tu. Dino bado anacheka.

Lakini maji hayakushuka! Kila asubuhi yalikuwa palepale kwenye mstari, na mimi nikavimba kichwa. Kanisani nilimkamata kila mwenye boila nikampa ushauri ambao hakuuomba. Dino nikamwita aje ajionee.

"Haya, sema sasa!"

Akainama, akapangusa kioo kwa kidole. "Duh! Mpolandi kaweza."

Mama alikuwa akibadilisha maji ya samaki wa chumvi aliyemloweka kwa ajili ya mkesha wa Krismasi. Hakugeuka. "Mimi nilijua ataweza," akasema. Nusura nilie kwa furaha.

Siku moja kabla ya mkesha, Loretta alinituma chini nikalete chupa ya nyanya. Nikamkuta Mama ameinama kwenye boila, mkono kwenye koki, macho kayakodoa kwenye mstari wangu. Maji yalikuwa yakipanda taratibu. Yalipogusa rangi akafunga koki, akajifuta mikono kwenye aproni, ndipo akaniona.

"Kila siku, Mama?" nikauliza.

"Jioni, na alfajiri kabla hujashuka."

"Kwa ajili ya vigae vya mzee. Si ungeniambia tu..."

"Vigae? Hivi vigae vibaya hivi? Rangi ya maharage yaliyochacha! Nilimwambia siku ileile anaviweka, akaninunia. Nimevichukia mpaka leo."

"Sasa kwa nini?"

"Ulikuwa unashuka na kikombe chako, unapiga mluzi. Tangu uoe humu ndani wanangu wanakucheka. Nikasema, acha na yeye apate chake, angalau Krismasi ipite."

"Lakini boila inaliwa na kutu, Mama!"

"Boila zinauzwa dukani," akasema.

Niliona aibu, na nikajiona napendwa, na sijui kipi kilizidi. Nikapanda juu bila nyanya. Wote walikuwa mezani, Dino katikati yao. Nikafungua mdomo niwaambie kwamba maji bado yanavuja na mimi ni mjinga wa kutupwa.

"Jamani," nikaanza, "yale maji..."

"Kagundua mwenyewe!" Mama akadakia nyuma yangu, akihema ngazini. "Yanavuja chini ya sakafu. Dino, acha kutafuna, kalete nyundo."