Ndugu Yetu Mkungu wa Ndizi

Usiku wa jana niliota mkungu wa ndizi unapiga hodi nyumbani kwa Shangazi Kokushubila, huku Kamachumu nilikokuja kumtazama, mchana kweupe, umevaa koti.

Shangazi ni dada wa baba yangu, na ndiye aliyenilea. Tangu ukame uangushe migomba yake amekonda mpaka khanga inamzunguka mara mbili. Si kwamba chakula hakuna. Unga upo, nimemletea mwenyewe. Lakini kwake yeye, mtu ambaye hajala ndizi hajala. "Ugali ni wa wageni," husema, kisha anajilaza na njaa yake, na mimi roho inaniuma.

"Karibu, karibu ndani," Shangazi anauambia mkungu. Macho yanamng'aa. Kisu cha kumenyea tayari kiko mkononi.

"Ahsante, Mama. Shikamoo." Mkungu unakaa kwenye kiti cha wageni. "Nimetoka maabara. Mimi sikauki hata mvua igome. Nimetiwa kinasaba cha kamongo, yule samaki anayejifukia matopeni mpaka mvua irudi."

Kisu kinaanguka. Kamongo ni mwiko wa ukoo wetu. Hatumli, hatumvui, na tukimkuta sokoni tunampisha kwa heshima.

"Kumbe wewe ni wa kwetu!" anasema Shangazi. "Basi. Ndugu haliwi." Badala ya kuumenya, anauletea kahawa ya kutafuna, zile buni kavu anazopewa mgeni wa heshima. Mkungu unatafuna na kutema maganda kistaarabu.

Nageuka kufunga mlango, na sebule imekuwa maabara. Kikao cha ukoo kimeshaanza. Mwenyekiti ni hadubini, mwenye jicho moja, hana haraka.

"Kamongo yumo kiasi gani?" Shangazi anamuuliza.

"Kidogo mno, Mama. Mimi mwenyewe namwona kwa shida."

"Hata mimi nilizaliwa kidogo, lakini mwiko nilipewa mzima."

Hadubini anakubali kwamba hoja ina uzito.

"Na jirani yangu Tibenda, anayevimba midomo akila samaki? Akila huyu atavimba?"

"Ndicho tunachopima, Mama."

"Pimeni taratibu. Midomo anayo miwili tu. Haya, na machipukizi yake nitawagawia watu?"

Mkungu unainamisha kichwa. "Machipukizi yangu yana mwenyewe, Mama. Lazima aombwe ruhusa."

"Nani huyo?"

"Sijawahi kumwona."

"Maskini, mtoto wa watu," anasema Shangazi, na kuupangusa vumbi kwa ncha ya khanga.

Hapo inaingia migomba yake ya zamani, mikavu, inatembelea magongo yale yale tuliyokuwa tukiiegemezea. "Kokushubila," unasema mmoja, "sisi tumechoka. Mpe mgeni kiwanja."

"Kiwanja nampa, karibu na nyumba, nimwone. Wasio wa ukoo wetu watamla, mkishamaliza kupima. Lakini mimi siwezi kumla ndugu yangu, hata nife."

Nalia. Nalia kwa sauti mbele ya kikao kizima, kwa sababu namjua Shangazi, hapo hatanii.

Tuko jikoni. Mkungu umevua koti. "Ndugu gani anamwacha shangazi yake afe njaa?" unauliza, huku ukinitazama mimi. Unabandika sufuria, unamimina unga wangu, unasonga ugali mpaka jasho linautoka, unapakua na maharage. Kisha unamnawisha Shangazi mikono.

Shangazi anautazama ugali, kisha anautazama mkungu. "Chakula alichopika ndugu hakikataliwi," anasema, na anamega tonge.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Nilimkuta Shangazi amekaa jikoni, mkono mmoja juu ya tumbo, na mbele yake sufuria iliyobaki na ukoko mtupu.

"Shangazi! Umekula ugali?"

"Ningefanyaje, mwanangu, na amepika ndugu?" Alilamba kidole. "Ukimwona, mwambie maharage yalikosa chumvi."

Nilikwenda sebuleni kukitazama kiti cha wageni. Mvua haijanyesha Kamachumu kwa miezi, lakini pale kitini palikuwa na tope bichi.

Nilichukua jembe, nikaenda kuchimba shimo la mgomba karibu na nyumba, pale Shangazi atakapoweza kumwona ndugu yake.