Chupa ya Nzi wa Mwalimu Léopold

Mtaani kwetu Uvira waliniita mke wa nzi, na sikukasirika hata siku moja. Kila asubuhi nilipita kwa Mama Generose, mpika kasiksi, kuomba machicha ya pombe yake ya ndizi. Niliyachanganya na ndizi mbivu, nikawalisha nzi wa Mwalimu Léopold, mtafiti niliyemsaidia kazi, wale wadogo wa matunda, ndani ya chupa zilizozibwa kwa kipande cha chandarua kikuukuu. Chumba kizima kilinuka ulevi. Harufu ile naitamani hadi leo kuliko manukato yoyote.

Mwalimu alitafuta jambo moja: nzi akiwa hajaota mabawa, mishipa ya fahamu inayotoka jichoni inajuaje pa kuingia ubongoni? Aliona kwamba kimeng'enya kimoja ndicho kinachoielekeza. Miaka minane alikuza ukoo wa nzi wasiokuwa nacho. Vichwani mwao mishipa ilipita mahali pake ikaendelea tu, kama mgeni aliyekosa wa kumwonyesha njia ya bandari ya Kalundu. Niliwaonea huruma kweli. Ukoo huo, aliniambia, hakuna mwingine aliyekuwa nao.

Vita viliporudi mwaka 2004, alinipa chupa moja ya ukoo ule, ya pekee tuliyoweza kuiokoa, nivuke nayo mpaka, yeye akabaki kuficha hadubini. Niliibeba chini ya kitenge ipate joto langu, na askari wa mpakani Kavimvira nikamdanganya kuwa ni dawa ya mtoto.

Kambini, huko Burundi, nililisha nzi kabla sijala. Kizibo kilipochakaa, bahati ikanijia: tukagawiwa vyandarua. Kipya kinyemi. Nikakata pembe ya changu, nikaziba chupa, nikajisifu. Kesho yake nzi walilala chini, miguu juu. Waliotoka kwenye mabuu siku zilizofuata nao wakafa vivyo hivyo, nami nikizilaumu ndizi za kambini.

Mwalimu alifika baada ya wiki tatu, amekonda. Hata maji hakuomba, aliulizia chupa. Nilimpa nikilia. Alikishika kile kizibo cha chandarua, akakinusa, akakaa chini.

“Louise, haiko kosa yako,” alisema. “Miye njo sikukufundisha. Hii mustikeri iko na dawa ya kuua wadudu.”

Nikamwambia kazi yake ya miaka minane nimeiua mimi. Aliuliza tu chandarua changu kiko wapi, akaliona tundu nililokata. Akaazima sindano kwa jirani. Vidole vilivyozoea kupasua ubongo mdogo kuliko mbegu ya mchicha wa lengalenga vikakitoa kile kipande mdomoni mwa chupa na kukishona pale pale kilipotoka.

“Nzi wamekwisha,” alisema. “Weye usiumwe na mbu.”

Tulirudi Uvira mwaka uliofuata. Alianza upya na nzi wa kawaida, wenye akili zao timamu, lakini ukoo ule hakuupata tena mpaka tulipomzika. Tangu hapo nimegawiwa vyandarua vinne. Nimewapa majirani vyote. Mimi nalala ndani ya kile chenye kiraka, na kiraka nakiweka upande wa kichwa.