Karatasi Zenye Meno

Mama mwenye mtoto anayechora ana kazi moja ngumu kuliko zote, nayo ni kukaa kimya. Fundi wa mapazia alishindwa na kazi hiyo, na yaliyompata yameandikwa hapa ili wengine wajihadhari mapema.

Alikuwa na binti, mtoto wake wa mwisho, ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda hata baada ya kufikisha miaka ishirini na minne na kumpita mama yake kwa kichwa kizima. Kitinda alichora kamba za nguo. Watu wengine huchora maua, yeye alichora mashuka yaliyovimba upepo, soksi zilizopoteza wenzao, na vibanio vilivyobaki na mguu mmoja. Akichora alipiga mluzi, wimbo usio na kichwa wala miguu, na mama yake alishona akiufuata mluzi ule kama watu wawili wanaotembea pamoja.

Miaka miwili nyuma, chuo kimoja kilimrudishia michoro yake katika bahasha ileile aliyoipeleka. Kitinda hakulia. Aliingia jikoni akatia brashi zake motoni, moja baada ya nyingine, kama mtu anayechochea kuni, na mwaka mzima nyumba ikakosa mluzi. Fundi hakuwahi kuogopa kitu kama ukimya ule. Alikanyaga pedeli ya cherehani kwa nguvu kupita kiasi, mapazia ya watu yakatoka na mishono ya mbio, ilimradi tu pasikike sauti.

Kwa hiyo Kitinda alipokubaliwa kwenye Umoja wa Wachoraji, fundi alifurahi. Alifurahi nusu siku, kisha akasikia masharti.

Umoja ule ulikuwa wa wasanii wanane waliopanga ghala la zamani la matairi. Harufu ya mpira haikutoka mle ndani hata walipopaka kuta chokaa mara mbili. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha ukuta, lakini meza, ndoo za brashi na fikra vilikuwa vya wote. Mfinyanzi aliziona kamba za Kitinda akazichora shingoni mwa mitungi yake, na Kitinda akaiba rangi ya udongo uliochomwa kutoka kwa mfinyanzi, na hakuna aliyenuna. Nje ya mlango palikuwa na sanduku la mbao lenye tundu, mpita njia aliyeangalia kazi dirishani akiwa na neno alitumbukiza karatasi. Jumamosi saa nne asubuhi mwenyekiti alilifungua na kusoma kwa sauti. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa amestaafu kuchora mabango ya maduka, kwa hiyo aliitwa Mzee wa Mabango, na alisoma maoni kama anayetangaza sabuni.

Sheria zao zilikuwa mbili. Ya kwanza, maoni hujibiwa kwa kazi, si kwa mdomo. Ya pili ndiyo iliyomkosesha fundi raha: mgeni ana miezi mitatu, na kama siku ya mwisho hajafikisha maoni kumi ya watu wa nje, ukuta wake unapewa mwingine.

Jumamosi ya kwanza Kitinda hakupata hata moja. Ya pili hivyohivyo. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa akiitazama sakafu, na hakupiga mluzi.

Fundi angekwenda mwenyewe kupiga debe, ila alikuwa amepigwa marufuku kuingia ghalani. Siku ya kwanza kabisa alipotembelea alikuta mtungi umejaa vumbi, akatoa kitambaa, akakitemea mate kidogo, akausugua mpaka ukang'aa. Vumbi lile lilikuwa majivu ambayo mfinyanzi aliyapaka wiki nzima kwa unyoya. Tangu hapo Kitinda alimwambia mama yake, kwa heshima zote, asije mpaka aitwe.

Sawa, ghala amekatazwa. Lakini sanduku lilikuwa nje.

Mkasi wa kitambaa haukati karatasi, kila fundi anajua, unakufa makali. Kwa karatasi alikuwa na mkasi wa zamani wa meno, ule wa kukata kingo kwa zigizaga ili kitambaa kisifumuke. Aliutumia kukata kipande cha karatasi ya kaki, akachukua kalamu, akabadilisha mwandiko ukalalia kushoto, akaandika:

"Mimi ni dereva wa lori. Nimezunguka kila mahali na sijaona mashuka kama haya. Nilisimamisha lori. Ila mchoraji anaonekana hali mchana. Ale."

Akabeba mapazia ya mteja kichwani, akapita mbele ya ghala, akajifanya anafunga kandambili, ambayo haifungwi, akatumbukiza.

Angeishia hapo, mambo yangekuwa madogo. Lakini mkono ukishaonja! Siku iliyofuata akazaliwa mfamasia, aliyesifu rangi na kushauri, kitaalamu, kwamba mchoraji asikae dirishani akiwa na nywele mbichi. Akafuata mwalimu mkuu, aliyetoa maksi tisini na nane na kukumbusha kuwa sakafu ya saruji ni baridi, soksi zivaliwe. Akaja mlinzi wa benki, mtu aliyeona mabaya mengi kazini, akisema picha ni nzuri sana na mchoraji asirudi nyumbani peke yake. Wa tano alikuwa nahodha wa meli. Fundi hakuwahi kupanda meli, lakini alihisi nahodha ana uzito. Watano hawa aliwazungusha wiki hadi wiki, kila mmoja na mwandiko wake na kila mmoja na wasiwasi wake.

Kitinda alirudi Jumamosi na habari. Uso wake ulikuwa mkavu kama pasi.

"Mama, unamfahamu dereva wa lori anayepita mtaa huu?"

"Madereva ni wengi," fundi alisema, pini zikiwa mdomoni kama kawaida yake.

"Huyu anajua kuwa sili mchana."

"Madereva wanaona mbali, mwanangu. Viti vyao viko juu."

Kitinda akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelimishwa. Kisha akasema wanachama wamependezwa na dereva huyo na wanataka kumwalika chai. Fundi nusura ameze pini. Kesho yake asubuhi sanduku likapata barua ya kuaga: dereva amehamishwa, anakwenda mbali, wasimtafute, na mchoraji asiache mboga za majani. Jumamosi iliyofuata Kitinda akaripoti kwa huzuni kuwa dereva ameondoka, na kwamba Umoja sasa unafikiria kumwalika nahodha. Meli nayo ikang'oa nanga wiki hiyohiyo.

Hata hivyo fundi alihesabu kwa vidole na kuona kazi imekwisha. Karatasi kumi na moja. Ukuta umepona. Kilichomtia shaka ni kimoja tu: binti yake alianza kumkodolea macho. Alikuwa akishona, akiinua kichwa anamkuta Kitinda mlangoni, jicho moja limefumba, anampima kama mtu anayekadiria kitambaa. Fundi alikwenda kwenye kioo kuangalia kama macho yamekuwa manjano. Yalikuwa meupe. Akajipima homa kwa kiganja, akakosa homa, akazidi kuogopa.

Wiki ya mwisho ya miezi mitatu Kitinda alimwomba asipite kabisa upande wa ghala, eti wanapaka rangi na harufu itamwamshia pumu. Fundi akatii. Lakini wiki ile wateja walikuwa na mambo. Mama mmoja aliyekuja kuchukua pazia la sebuleni alimtazama, akaziba mdomo kwa kanga, akatoka bila kukagua mshono. Muuza mkaa akampigia saluti. Jirani akauliza kutoka dirishani kama meli imerudi salama, na fundi akadhani jirani ameanza kuchanganyikiwa, akamwombea.

Ijumaa Kitinda akasema kwa sauti ya chini, "Mama, kesho njoo. Saa nne."

Fundi hakulala vizuri. Alijua maana yake. Hesabu haikutosha, mtoto ananyang'anywa ukuta, na anahitaji mtu wa kumsaidia kubeba picha. Asubuhi alichukua pazia kuukuu la kufungia mizigo, akalikunja kwapani, akaenda akipanga maneno ya kumfariji. Njiani aliazimia pia kuficha brashi zote pamoja na kiberiti.

Mbele ya ghala watu walikuwa wamejaa dirishani. Walipomwona wakampisha, wakiangalia dirisha, kisha wakimwangalia yeye, kisha dirisha tena.

Picha zilikuwa tano, kila moja na kamba yake ya nguo nyuma. Dereva wa lori mwenye kofia. Mfamasia kwenye koti jeupe. Mlinzi wa benki na filimbi shingoni. Mwalimu mkuu mwenye masharubu mazito. Nahodha mwenye ndevu mpaka kifuani. Na wote watano, chini ya kofia na nyuma ya ndevu, walikuwa fundi wa mapazia, nyusi ya kushoto imepanda kwa wasiwasi, pini tatu pembeni mwa mdomo. Hata nahodha alikuwa na pini. Chini ya kila sura zilibandikwa karatasi zake za kaki, kingo zote zina meno.

Fundi alitafuta mahali pa kujificha, akajifunika pazia kuukuu, jambo ambalo halikusaidia.

"Karibu, mama," alisema Mzee wa Mabango kutoka mlangoni. "Au niseme karibuni, maana naona mmekuja watano."

Walimwingiza ndani, wakampa kiti, mfinyanzi akausogeza mtungi wake mbali kidogo. Mzee akamweleza kwamba walijua tangu dereva na mfamasia walipokutana mezani. Karatasi mbili, watu wawili wasiojuana, na meno yaleyale, pengo moja mahali palepale ambapo mkasi umevunjika jino. Kitinda aliutambua mkasi wa nyumbani kwao kabla hata ya kuusoma ushauri wa mboga. Na maoni ya ndugu hayahesabiwi. Karatasi za fundi zote kumi na moja ziliwekwa kando. Za watu wa nje, mpaka Jumamosi iliyopita, zilikuwa mbili.

Mbili. Fundi alimgeukia binti yake.

"Mwanangu, umenianika mbele ya watu, na ukuta umeukosa vilevile?"

"Vitu vilivyoanikwa ndivyo ninavyochora, mama," Kitinda alisema. "Na sanduku la wiki hii halijafunguliwa."

Mzee akaleta sanduku. Mfuniko ulikataa, karatasi zilikuwa zimebanana ndani, ikabidi mchongaji aje na patasi. Ya kwanza iliyotoka ilikunjwa mara nne, na Mzee akasoma kwa sauti yake ya sabuni:

"Mimi ni mlinzi wa benki wa kweli. Filimbi haivaliwi shingoni hivyo, inakaa mfukoni. Pia huyu mama ananiangalia kama nimesinzia. Nimerudi mara tatu kuhakikisha. Tangu Jumatatu sijasinzia."

Fundi alisimama. Aibu yote ilimtoka. Alitaka kujua mlinzi huyo ni nani, na kama anayo picha yake ya filimbi alete waone, kwani mtoto amekaa siku ngapi bila kulala vizuri akichora filimbi ile, halafu mtu...

"Mama," Kitinda akamshika bega. "Kwa kazi. Si kwa mdomo."

Akakaa. Mzee akaendelea kutoa karatasi, na fundi akahesabu kwenye vidole chini ya pazia. Mama mmoja aliandika kuwa amemwona mama yake marehemu kwenye ndevu za nahodha na hajui acheke au alie. Mwingine aliuliza kama mwalimu mkuu anashona sare. Tatu. Nne. Karatasi ya nane, yaani ya kumi pamoja na zile mbili, ilipotua mezani, sanduku lilikuwa bado nusu, na fundi akaacha kuhesabu kwa sababu nyuma yake alisikia kitu. Kitinda alikuwa ameanza kupiga mluzi, ule usio na kichwa wala miguu, bila mwenyewe kujua.

Basi ukuta ukabaki. Lakini na picha zikabaki, dirishani, zinatazama barabara, na mpaka leo fundi akipeleka mapazia watu humwuliza mwalimu mkuu hajambo, na yeye hujibu hajambo, anawasalimu.

Kwa hiyo mama mwenzangu, kama mtoto wako anachora, kaa mbali na masanduku ya watu. Mtoto anayekaa kutwa akiangalia vitu atakuona na wewe, hata ukijificha nyuma ya lori. Na kama mkono unakuwasha kabisa, na umeona ameanza kukohoa, na hana sweta, basi mkasi uweke chini. Karatasi ichane kwa mkono.