Maziwa ya Mgeni

Busati ndilo lililoingia kwanza, limebebwa na wanawake wawili. Likafuata birika la shaba, sahani sita za kaure, godoro la sufi na mito yenye foronya za kutarizi. Mwanamwema alikaa pembeni na nguo zake za eda, akikitazama chumba chake cha Kikwajuni kikigeuka chumba cha mtu mwingine.

"Bi Mashavu, basi," alisema. "Huyo mgeni anakuja kuangalia shida."

"Shida ataisikia. Kwani lazima aikalie?" Bi Mashavu, jirani wa ukuta mmoja, alikung'uta mto. "Muhiddin hata arubaini hajatimiza. Watu waseme mkewe kashindwa kumtandikia mgeni? Na sisi tumekufa naye?"

Mwanamwema aliupokea ule mto. Wanawake hawa ndio waliompikia tangu siku ya maziko. Kulikataa busati lao ni kuwapiga kofi.

Muhiddin, mumewe, alikuwa mchukuzi wa bandarini, akafa kwa homa ya siku tatu. Alimwachia mkewe binti mmoja, Sichana, wa miaka mitatu kasoro miezi miwili, ambaye hajasimama hata mara moja. Miguu yake imepinda, laini, haibebi kitu. Kulikuwa na kliniki mpya ikiwatibu watoto kama yeye, ikiwapa maziwa na mafuta ya samaki na kuwafunga vibao vya kunyoosha miguu, bure, kwa nyumba zisizojiweza. Lakini ilitaka mtoto asiyetimiza miaka mitatu, kabla mifupa haijakomaa, na ilitaka mkaguzi aione nyumba kwa macho yake. Mkaguzi anakuja leo. Orodha inafungwa kesho. Na eda ya Mwanamwema ina miezi mitatu mbele yake, hatoki.

"Hodi," ilisikika sauti mlangoni.

Mkaguzi, Bi Shemsa, alikuwa msichana wa mjini, ana mwavuli na daftari. Aliwaamkia wakubwa, akampa Mwanamwema mkono wa tanzia, akaonyeshwa busati. Alimlaza Sichana mapajani, akaipapasa miguu yake taratibu kuanzia nyonga mpaka vifundo. Mtoto alikuwa kapakwa mafuta, katiwa wanja, kavishwa herini za mjukuu wa Bi Mashavu.

Chai ikaletwa, nzito kwa maziwa.

"Mtoto anapata maziwa?" aliuliza Bi Shemsa.

Mwanamwema alifungua mdomo.

"Maziwa?" Bi Mashavu alimtangulia. "Hiyo unayokunywa mwanangu, imepikwa kwa maji ya mfereji?"

Wanawake wakacheka. Bi Shemsa naye akacheka. Maziwa hayo yalitoka kwa jirani alfajiri, kopo moja, ya mgeni. Sichana aliyalilia asubuhi nzima akanyimwa, yasije yakapungua.

Bi Shemsa aliweka kikombe chini. Alizitazama sahani, akautazama ukuta uliotoka chokaa, kisha akainamisha kichwa karibu na Mwanamwema.

"Bi Mwanamwema, nambie kweli. Vitu hivi vyako?"

Kicheko kilikatika. Mwenye busati alikuwa kasimama pale. Mwenye sahani pale. Mwenye birika alikuwa bado ameshika mpini wake.

"Vyangu," alisema Mwanamwema.

Kalamu ilitembea kidogo tu.

"Miguu nimeiona, na inataka dawa," alisema Bi Shemsa akisimama. "Lakini nafasi hazitoshi. Bububu nimewaacha watoto wanalala juu ya makuti. Wewe Mungu kakujaalia, mnunulie mwenyewe. Asikose maziwa hata siku moja."

"Inshallah," alijibu Bi Mashavu, uso umemkunjuka. Mgeni alipotoka alimgonga Mwanamwema begani. "Umeona? Kaondoka na heshima zake. Hakupata la kwenda kusema."

Mwanamwema aliinuka. Alikwenda mbio mpaka mlangoni, na hapo kwenye kizingiti miguu ikasita yenyewe. Nje kulikuwa na wanawake kwenye kila baraza, wote wakimsindikiza mgeni kwa macho, wote wametoa kitu. Mwavuli ulikuwa umekaribia pembe ya kichochoro.

"Bi Shemsa."

Aliita mara moja, wala si kwa nguvu. Mwavuli ukageuka.

"Naam?"

Kichochoro kizima kilimgeukia Mwanamwema. Alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Neno lilikuwa mdomoni, lina herufi chache, na mwanawe alikuwa nyuma yake sakafuni.

"Karibu tena," alisema.

"Starehe, Bi Mwanamwema."

Mwavuli ukapinda pembe. Ndani, Bi Mashavu alikuwa keshaanza kulikunja busati, na Sichana, herini zimeshavuliwa, alijikokota kwa makalio kulifuata birika. Akalipindua. Lilikuwa tupu.